Mgeni Asiyefikia Jembe

Kiswahili hakina huruma katika jambo hili: kuna kupita, kuna kufika na kuna kukaa. Mtu aliyebadilisha ndege Addis Ababa amepitia Addis Ababa, basi. Lakini akitoka nje ya uwanja, akapanda teksi, akala injera, akarudi usiku kuwahi ndege yake, tumwiteje? Wenzangu wa shahada ya uzamili husema huyo ni mkusanya picha tu. Mimi naona picha si hoja. Hoja ni mji unamdai nini mgeni wa namna hii, na yeye anaudai nini.

Immanuel Kant, katika kitabu chake kidogo cha 1795 kuhusu amani ya kudumu, alitenganisha haki ya kuzuru na haki ya kuwa mgeni wa nyumbani. Ya kwanza ni ya kila binadamu, kwa sababu dunia ni mviringo na hatuwezi kutawanyika bila kikomo. Mwishowe lazima tuvumiliane. Ya pili huja kwa hisani na makubaliano. (Kant mwenyewe hakwenda mbali na Königsberg maisha yake yote, kwa hiyo mambo ya viza hayakumsumbua.) Wahenga wetu walianzia upande mwingine: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwao kazi ndiyo inayomgeuza mgeni kuwa mwenyeji. Sasa, mtu anayeunganisha ndege hafikii siku ya tatu kamwe. Anakula siku zake mbili kwa saa chache, na jembe halioni.

Mwaka jana, nikielekea Ujerumani kwa muhula mmoja, nilikuwa na saa kumi na tano Addis. Cha kwanza kunishika kilikuwa saa. Dereva aliposema atanifuata saa tisa, ilikuwa saa tisa yetu hii. Waethiopia nao huanza kuhesabu kulipokucha. Ni nadra kuwa ugenini bila kujumlisha sita kichwani. Kalenda yao, hata hivyo, ina miezi 13 na iko nyuma kwa miaka saba au minane, kwa hiyo undugu una mipaka.

Nilikwenda Makumbusho ya Taifa kumwona Lucy, ambaye wenyewe humwita Dinkinesh. Mabaki yake yalipatikana Hadar mwaka 1974, na umri wake ni kama miaka milioni 3.2. Mifupa iliyo kwenye kabati la kioo ni nakala. Yenyewe imefungiwa mahali salama. Jamii yake imepewa jina la eneo la Afar, lakini kielelezo rasmi cha jamii hiyo ni taya lililopatikana Laetoli, kwetu, kwenye nyayo za miaka zaidi ya milioni 3.6 zilizoachwa katika majivu ya volkano. Nimekulia mkoa huohuo wa Arusha na sijawahi kukanyaga Laetoli. Basi kukaa nako si kujua. Wenzangu wanaopima ugeni kwa wingi wa siku wanihesabie hiyo miaka ishirini na ushee.

Ila hoja hiyo ilinitosha mpaka saa tisa tu. Tulipita kwenye barabara pana, taa mpya, njia ya waenda kwa miguu safi kabisa. Nikasifu. Dereva akasema, bila hasira, "Hapo palikuwa na nyumba ya shangazi yangu." Mwaka 2024 sehemu za mtaa wa zamani wa Piassa zilibomolewa kupisha ujenzi mpya, na wakazi wengi wakahamishiwa pembezoni mwa mji. Shangazi huyo sasa hupanda mabasi mawili kwenda kanisani kwake. Kant angesema sikumkosea mtu, na ni kweli. Lakini mji unaopambwa ili upendeze kwenye dirisha la teksi unapambwa, kwa sehemu, kwa ajili ya mtu kama mimi, atakayeondoka usiku. Haki ya kuzuru ina anayeilipia, naye hayumo kitabuni.

Nikauliza shangazi anaitwa nani. Nilitajiwa, pamoja na jina la kanisa.

Usiku uwanjani walikuwapo wasichana kama ishirini wameketi sakafuni na bahasha zao za kaki, wanakwenda Ghuba kufanya kazi za ndani. Walikuwa hapo tangu asubuhi. Wao jembe linawangoja siku ya kwanza. Mmoja alinisikia nikiongea na simu, akanisogelea na Kiswahili chake cha Mombasa: "Nje kukoje, dadangu?" Nikamwonyesha picha ya Dinkinesh. Aliitazama muda mrefu, akauliza kama kweli alikuwa mtu mzima, mbona mfupi hivyo. Nikamwambia alikuwa na mita moja na kidogo. Akacheka, akasema binti yake wa darasa la tatu anamzidi.