Kodi ya Faranga Moja, Muda Milele

Tarehe 15 Machi 1921, mjini London, Uingereza na Ubelgiji zilitia saini mkataba juu ya ardhi isiyokuwa ya mmoja wao. Ubelgiji ikapewa viwanja vya bandari sehemu mbili, Dar es Salaam na Kigoma. Kodi yake ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wake milele. Viwanja hivyo vikaja kujulikana kwa jina la Belbase.

Chanzo chake ni vita. Mwaka 1916 askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, wengi wao wana wa Kongo, waliwatoa Wajerumani Kigoma, kisha wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Vita vilipokwisha, Ubelgiji ilibaki na Rwanda na Burundi, na Tanganyika ikashikwa na Uingereza. Lakini njia ya kwenda baharini Wabelgiji hawakukubali kuiachia hivi hivi. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na ng'ambo ya ziwa, reli ya Kabalo hadi Albertville, Kalemie ya leo, ilikamilika mwaka 1915. Mali ya Kongo ikapata kupita humo bila kutozwa ushuru na Waingereza. Wakongo waliomwaga damu kwa ajili ya njia hiyo hawakuulizwa lolote, wala Watanganyika wenye pwani yao.

Dunia ilikwisha kuona mkataba wa namna hiyo. Novemba 1903 Marekani ilijitwalia ukanda wa maili kumi katikati ya Panama ili ichimbe mfereji wa meli, na mkataba wake nao ulisema milele. Aliyetia saini kwa niaba ya Panama alikuwa Mfaransa, Philippe Bunau-Varilla. Wapanama waliishi na nchi ya kigeni ndani ya nchi yao, yenye polisi wake na mahakama zake, hata Januari 1964 vijana wao wakauawa kwa sababu ya kutaka bendera ya taifa lao ipepee humo. Ukanda huo ulifutwa mwaka 1979. Mfereji wenyewe ulikabidhiwa tarehe 31 Desemba 1999.

Swali hapa linazidi sheria: ni nani kati ya wanadamu mwenye haki ya kuahidi milele? Torati, katika Walawi sura ya 25, inakataza ardhi kuuzwa moja kwa moja, kwa kuwa mwenyewe ni Mungu na watu ni wapangaji wake. Mwaka wa hamsini kila shamba lirudi kwa ukoo wake. Fikihi ya Kiislamu inataka kodi ya nyumba au shamba iwe na muda unaojulikana. Kinachowekwa daima ni wakfu, na wakfu hutolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, si kwa kodi ya faranga. Mafundisho haya mawili yanakubaliana juu ya jambo moja: aliyeshika amana hawezi kutoa zaidi ya alichopewa.

Hoja hiyo ndiyo aliyoisimamia Julius Nyerere bungeni tarehe 30 Novemba 1961, siku chache kabla ya uhuru. Uingereza ilikuwa Tanganyika kwa udhamini, kwanza wa Shirikisho la Mataifa, baadaye wa Umoja wa Mataifa. Mdhamini ana mwisho wake. Basi angewezaje kupangisha mali ya mtoto kwa muda usio na mwisho? Nyerere aliyakataa mapatano ya 1921, lakini hakuifunga bandari. Aliwaalika jirani wazungumze upya, kwa masharti mapya.

Hapo ndipo mkazi wa Kasungami, komini ya Annexe, Lubumbashi, anapoingia katika habari hii. Mji wake uko mbali mno na Matadi, bandari ya Kongo yenyewe. Malori yanayoshusha mafuta na nguo Lubumbashi, na yanayopandisha shaba, hupitia Kasumbalesa, yakavuka Zambia hadi Tunduma na Dar es Salaam. Mtu wa hapa ana sababu nzito ya kutaka njia isiyokatika. Haki yake ya kupita ni ya kweli, na jirani anayeifunga kwa ukaidi anadhulumu. Lakini haki ya kupita haimfanyi mpitaji kuwa mwenye nyumba.

Watu wa Katanga walilijua jambo hilo kwa uchungu wao wenyewe. Kuanzia mwaka 1900 hadi 1910 nchi yao ilitawaliwa na Comité Spécial du Katanga, chombo cha serikali na kampuni kwa pamoja. Sheria ya ardhi ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 ilikuja na jibu linalostahili kusomwa polepole. Ardhi yote ni mali ya taifa, haiuzwi. Raia anaweza kupewa kiwanja kwa haki ya kudumu. Kampuni na mgeni hupewa miaka isiyozidi 25, nayo huweza kuongezwa. Mama wa Kasungami anayehangaikia cheti cha usajili wa kiwanja chake anatafuta haki ya kudumu ambayo sheria haimpi hata mwekezaji mkubwa kuliko wote. Huo ni uamuzi wa haki, kwa sababu raia atazikwa katika nchi hiyo na watoto wake watabaki humo.

Swali hili halijapoa. Mwaka 2023 Watanzania walibishana vikali juu ya makubaliano ya bandari kati ya serikali yao na Dubai, na wakosoaji walishikilia kwamba hayakuwa na ukomo. Tarehe 18 Agosti maaskofu Katoliki walitoa tamko la kuyapinga, wakataka sauti ya wananchi isikilizwe. Mikataba ya uendeshaji na DP World, kampuni ya Dubai, iliyotiwa saini Oktoba ilitajwa kuwa ya miaka 30. Reli ya Lobito nayo, ambayo shaba ya Katanga inaitazamia, Angola iliikodisha kwa miaka 30 mwaka 2022.

Miaka 30 ni mingi, lakini inahesabika: aliyezaliwa leo atakuwepo siku ya kuijadili upya. Basi kila mkataba wa mgodi, reli au bandari unapotangazwa, msomaji aulize kwanza unaisha lini, na akijibiwa kwamba hauishi, asikubali.