Safari Rahisi na Mlipaji Wake

Desturi imeenea kwetu sisi tukaao bara, wala si mbaya kwa asili yake: mtu akipata siku mbili za mapumziko, Jumamosi na Jumapili, hukusanya vijisenti vyake akaenda mji mkubwa kuwaamkia rafiki zake wa zamani, kisha Jumatatu hurudi kazini akisimulia jinsi alivyotumia fedha kidogo. Sisi nasi tumefanya hivyo, tena tulijisifu kuliko wengine, maana tulikuwa na hesabu iliyoandikwa. Lakini tangu safari ile liko neno linalotusumbua, nasi twaliweka mbele ya wasomaji ili tulifikiri pamoja. Safari ambayo gharama yake imebebwa na mwingine, yafaa kuitwa rahisi?

Kwanza tueleze ilivyokuwa. Tulikuwa walimu watatu, tukaondoka Morogoro alfajiri ya Jumamosi kwa gari moshi jipya liendalo Dar es Salaam. (Twaliita gari moshi kwa mazoea tu. Tangu lilipoanza kuchukua abiria mwaka 2024 halijatoa moshi hata kidogo, kwa kuwa laendeshwa kwa umeme.) Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000 kila mtu. Tuliposhuka hatukutaka bajaji wala teksi. Tulifuata Barabara ya Sokoine kwa miguu, bandari ikiwa upande wetu wa kulia, tukapita mbele ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na mbele kidogo lile la Azania Front, yote mawili majengo ya zamani za Wajerumani. Tuliyatazama kwa muda mrefu, maana kutazama hakuna nauli. Kivukoni tulilipa shilingi 200 kila mtu, pantoni ikatuvusha mpaka Kigamboni, anakokaa rafiki yetu.

Rafiki huyu tulisoma naye chuo cha ualimu. Tulilala chumba kimoja na kula sinia moja, hata baadaye akaiacha chaki, akaenda mjini, na sasa ni karani wa ghala. Alitupokea kwa furaha isiyo na unafiki. Mkewe, shemeji yetu, alikuwa amekwisha kupika wali wa nazi na samaki. Jioni tukaletewa chai na maandazi, usiku chakula tena. Tulitembea ufukweni, tukacheka mambo ya chuoni mpaka usiku wa manane. Tulipewa chumba cha watoto. Tulipouliza watoto watalala wapi, tukajibiwa, “Msihangaike, ndugu zangu, wamekwenda kwa jirani, wamefurahi sana.” Tukaamini, kwa kuwa kuamini kulitufaa.

Asubuhi ya Jumapili mmoja wetu alikwenda duka la karibu kununua sabuni. Mwenye duka, akimjua kuwa mgeni wa nyumba ile, hakungoja kuulizwa, alifungua daftari akasema, “Nayo niiandike pamoja na vile vingine?” Macho hayana pazia. Palikuwa na mchele, mafuta, sukari, unga wa ngano, nazi, makopo ya mkaa, na madumu ya maji, vyote vya Ijumaa na Jumamosi. Jumla ilikuwa shilingi 41,500. Hesabu yetu ya nauli na kivuko, kwenda na kurudi, ilikuwa 26,400 kwa mtu mmoja, nayo ndiyo tuliyokusudia kuwasomea wenzetu shuleni ili waone kwamba mwalimu naye aweza kutembea.

Sasa wahenga wametuachia neno, kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Kila mtoto alijua; lakini yafaa kulitazama tena kwa macho ya mtu anayesafiri siku za mapumziko. Jumamosi ni siku ya kwanza, Jumapili ni ya pili, na jioni yake amekwisha kupanda gari. Siku ya jembe haimfikii kamwe! Aweza kuja mara sita kwa mwaka, naye kila mara ni mgeni mpya, mwenye haki ya mgeni, wala hajashika mpini. Wazee waliosema neno lile walikuwa na mgeni aliyekuja kwa miguu, tena akakaa mwezi. Hawakumjua huyu ajaye na tiketi ya kurudi mfukoni. Na hata kama tungetaka kulishika jembe, tungelima wapi? Nyumba ya rafiki yetu ina ua wa hatua nne, na pale pamewekwa kamba ya kuanikia nguo.

Twaona hapa ndipo lilipo shina la jambo. Ukarimu wa shamba na ukarimu wa mji una jina moja, lakini gharama zake si sawa. Mgeni akija kwetu mwezi wa mavuno, twamchemshia mahindi yaliyo ghalani, twamkamatia kuku wa uani, maji twachota mtoni, kuni twaokota. Twatoa kilichopo. Mjini hapana kilichopo. Kila kitu kina bei yake, hata maji, hata moto wa kuyachemshia. Mwenyeji hawezi kukupa kikombe cha chai asifungue mfuko mara nne. Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728 kwa hesabu ya mwaka 2022, nao wengi wametoka mikoani kama rafiki yetu, wakaja na moyo wa kijijini kifuani na mshahara wa mjini mfukoni. Hao ndio tunaokwenda kuwatembelea kwa gharama nafuu.

Tena twakumbuka jinsi wazazi wetu walivyosafiri. Mama zetu hawakupanda gari pasipo kikapu: maharage, ndizi, viazi, pengine jogoo aliyefungwa miguu akipiga kelele njia nzima. Sisi tuliosoma tuliyaona hayo kuwa ushamba, nasi tukaenda na mikoba mepesi, tukisema mizigo yachelewesha. Sasa twaelewa kwamba kile kikapu kilikuwa malipo yasiyotajwa kuwa malipo. Kilimwezesha mgeni kula bila kuwa mzigo, na mwenyeji kulisha bila kuwa mfanya biashara. Heshima ya wote wawili ilikaa ndani yake. Nasi tulipotafuta cha kupunguza katika matumizi yetu, kile ndicho tulichokipunguza kwanza.

Tulipokuwa tumesimama kando ya duka tulishindana kwa maneno. Mmoja wetu alisema kosa si letu: mwenyeji aliyeficha deni lake ametunyima nafasi ya kusaidia, na kuficha namna hiyo ni jamaa ya uongo. Neno hilo lina uzito, wala hatulitupi. Lakini lau angetuambia kwenye simu, “Njoni, ila sina kitu,” tungekwenda? Hapana shaka tungesema, “Basi, siku nyingine,” na siku nyingine ni jina jingine la kutoonana. Alificha ili tuje. Mwingine wetu alisema kwamba basi maskini na wakae kwao mpaka wapate fedha za kutosha. Hilo twalikataa kabisa. Urafiki ukingoja fedha za kutosha utazikwa kabla hazijafika, na aliye na nauli tu ana haki ya kuuona uso wa rafiki yake kama mwenye gari lake. Kubana matumizi si aibu. Aibu ni kubana ya kwako kwa kuifungua ya mwenzako, kisha kujiita mwangalifu wa mali. Uangalifu ni kuula mkate mdogo ulio wako. Tuliyofanya sisi twaogopa kuyatafutia jina.

Basi tulichanga, tukalilipa daftari lote, tukamwomba mwenye duka asiseme mpaka tumevuka maji. Alituangalia kwa mashaka kidogo, akapokea, akapiga mstari.

Je, tulifanya vema? Hata leo hatuna hakika. Kumlipia rafiki nyuma ya mgongo wake ni kumfanya mwenye nyumba ya wageni pasipo ridhaa yake. Yeye alitupa zawadi, nasi tukairudisha kama bidhaa. Wema wake tuliufunga kwa stakabadhi. Lakini kuliacha lile deni lilale pale, ilhali tumeliona kwa macho, kulikuwa kula nauli ya shule ya watoto waliotuachia kitanda. Kama tusingaliona, tungalikuwa na moyo mtulivu. Na hapa pia twajiuliza kama utulivu wa mtu asiyetazama ni sifa yoyote. Twadhani mgeni yampasa kutazama. Si kwa kupeleleza jikoni, bali ahesabu watoto na vitanda, naye ajue mkaa hauoti uani. Kama tungalitazama Ijumaa, kabla ya kupanda gari, tungalikwenda na debe la maharage, wala pasingekuwa na mambo ya siri dukani.

Jioni shemeji alitufungia samaki wa kukaanga katika karatasi, tukale njiani. Tulikataa, naye akakasirika kweli kweli, tukapokea. Rafiki yetu alitusindikiza hata Kivukoni, akasimama mpaka milango ya pantoni ilipofunguliwa, akatulipia nauli ya kuvuka kabla hatujatia mkono mfukoni.

Imepita miezi mitatu. Ametupigia simu mara mbili, wala hajalitaja daftari. Mara ya pili alisema kwamba mwezi wa saba, mahindi yakiwa tayari, atakuja kwetu na mkewe na watoto wote wanne, watakaa juma zima, na kwamba tusijisumbue kwa lolote, kwa kuwa mchele wataleta wao.