Utando wa nguruwe kinywani: Je, ni dharura?

Muislamu wa Tunduma haingii buchani bila kujua nani kachinja. Nyama ya kopo ikivuka mpaka kutoka Nakonde, huligeuza kopo mara tatu asome maandishi. Lakini akiketi kwenye kiti cha daktari wa meno hufunua kinywa asiulize kitu.

Na cha kuuliza kipo. Jino likishang'olewa, mfupa wa taya hupungua. Anayetaka kupandikizwa jino la kudumu huenda akahitaji kwanza kuoteshwa mfupa: daktari hujaza chembechembe za mfupa, kisha huzifunika kwa utando mwembamba ili nyama ya ufizi, ambayo hukua haraka, isiwahi kuingia pengoni. Tando nyingi ni za kolajeni, na Bio-Gide ya Uswisi, mojawapo ya zilizo mashuhuri, hutokana na nguruwe. Haitolewi, huyeyukia mwilini.

Wako watakaosema dharura huhalalisha kilichoharamishwa. Kweli, rejea Suratul Baqara aya ya 173. Lakini dharura ina mipaka. Aliyekosa gego moja anaweza kuvaa jino la bandia, akala na akaishi. Wengine watataja istihala, yaani najisi kugeuka kitu kingine, hoja iliyotumiwa na wanazuoni na madaktari waliokutana Kuwait mwaka 1995 kuruhusu jelatini. Kwa maoni yangu, hapa ni dhaifu: kolajeni husafishwa, lakini hubaki kolajeni ile ile.

Isitoshe, mbadala upo. Kampuni ya botiss ya Ujerumani ina utando wa magnesiamu, madini yaliyomo hata kwenye maharage. Hulilinda pengo wakati mfupa unaanza kuota, kisha huliwa taratibu na majimaji ya mwili. (Zipo pia za ng'ombe, ingawa hapo linarudi swali la nani kachinja.) Na madini mwilini si jambo geni kwetu. Sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alipoteza pua katika vita vya Kulab, akaweka ya fedha, ikanuka. Ndipo Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ambayo asili yake ni haramu kwa wanaume. Tuzingatie mpangilio: fedha ilitangulia, ikashindwa.

Mgonjwa wa Vwawa au Mlowo aliyewekewa bila kuambiwa hana dhambi. Mzigo ni wa daktari aliyejua akanyamaza, hasa akiwa Muislamu. Lakini wewe uliyesoma haya, uliza kabla ya sindano ya ganzi: utando huu umetokana na mnyama gani?