Seva Isiyoitika

Jumanne usiku nilikuwa chumbani kwangu Sinza, nikijaribu kuingia kwenye seva ya maabara chuoni kupitia VPN. Ikagoma. Nikaanza na karibu, kama tulivyofundishwa: nikaipigia pingi ruta, ikaitika, nikapiga 8.8.8.8, ikaitika, nikapiga seva ya VPN. Pakiti nne zikaenda, hakuna jibu.

Mgeni wa kazi hii angesema seva imekufa. Nilipojaribu poti 443 yenyewe ilifunguka papo hapo. Kumbe nenosiri langu ndilo lililoisha muda. Pingi, programu aliyoiandika Mike Muuss mwaka 1983, huuliza swali moja tu, "upo?", na wasimamizi wengi wa mitandao huamuru lisijibiwe. Ukuta wa kinga una namna mbili za kumzuia mtu: kumrudishia ujumbe kwamba hapa hupiti, au kuitupa pakiti yake kimyakimya. Hoja ya kimya ni usalama, anayepapasa ukuta usiku asijue pana mlango. Ila kompyuta iliyokataliwa hujua hapohapo, na iliyonyamaziwa hungoja, hurudia, hungoja tena maradufu. Linux kwa kawaida hung'ang'ania muunganisho wa TCP kwa zaidi ya dakika mbili kabla ya kukata tamaa.

Simu yangu ilikuwa imelala kifudifudi mezani. Mdogo wangu wa Sumbawanga alikuwa amepiga mara tatu tangu Jumapili. Ada. Sina, na kwa kuwa sina, sikupokea. Nilijiambia kwamba kunyamaza ni upole kuliko kumwambia mtoto "sina".

Asiye na cha kutoa anadaiwa jibu? Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" siwadaiwi chochote, watupwe kimya. Lakini mdogo wangu mlango anaujua. Aliuza kuku wake nipate nauli ya kuja chuo. Kimya changu hakimfichi kitu, kinamngojesha tu. Hata WireGuard, VPN iliyo bubu kabisa kwa asiye na ufunguo, huitika ikiona ufunguo inaoutambua.

Saa nne na nusu nikampigia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Sina, mdogo wangu."

Akakaa kimya kidogo. "Sasa mbona hukusema Jumapili? Mjomba alikuwa hapa nyumbani, kaondoka leo asubuhi."