Kiti cha Pili: Mnunuzi wa Gari Anamchagulia Nani?

Mtu akinunua gari, ni desturi yetu kusema amechagua anachokipenda. Fedha ni zake, gari ni lake, na sisi wengine hatuna neno. Insha hii inapinga kauli hiyo. Inachukua jambo linaloonekana dogo, yaani kuchagua daraja la pikapu ya fowili, na kuuliza: mnunuzi anapoamua kati ya pikapu isiyo na mapambo na ile iliyokamilika, mpaka wa haja na anasa unachorwa wapi, na nani ana haki ya kuuchora? Swali hili linaweza kudhaniwa kuwa la wenye fedha nyingi. Lakini kwetu Busia na Tororo pikapu moja hubeba watu wengi, na wengi wao hawakuwapo siku ilipokuwa ikinunuliwa.

Nianze na mfano ninaoujua. Mjomba wangu na wenzake watatu hununua mahindi, mtama na muhogo mkavu katika vijiji vya upande wa Nagongera na Mulanda, wilayani Tororo, kisha huuza sokoni Busia. Kwa miaka mingi walikodi magari ya watu. Kati ya Machi na Mei, mvua zinaponyesha, gari la kawaida hukwama njiani, na mwenye fowili hudai bei aitakayo. Wakaweka akiba, wakaamua kununua pikapu yao wenyewe. Muuzaji aliwapa karatasi yenye madaraja matatu ya pikapu ile ile, injini moja, fremu moja, uwezo wa mzigo karibu sawa. Daraja la kwanza lilikuwa na rimu za chuma, vioo vya kuzungusha kwa mkono, na mfuko wa hewa mmoja tu, wa dereva. La pili liliongeza mfuko wa hewa wa abiria wa mbele, breki za ABS na kiyoyozi. La tatu lilikuwa na mifuko ya hewa ya pembeni, mfumo wa kuzuia gari lisiserereke, viti vya ngozi, kamera ya nyuma na rimu za kung'aa.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Mjomba akaniambia, "Mpwa wangu, wewe ndiye msomi, hebu tusomee." Nikasoma bei, injini, uzito wa mzigo na habari za fowili. Nilipofika kwenye orodha ndefu ya tofauti za madaraja, jua lilikuwa limepanda na wazee wamechoka. Nikasema, "Yaliyobaki ni mambo ya starehe." Wakachukua daraja la kwanza. Kwa fedha zilizobaki wakafunga ngao ya chuma mbele na keria juu, wakaandikisha maneno ya rangi kwenye bodi ya nyuma.

Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata pikapu iliteleza kwenye mteremko wenye tope, ikaacha njia na kugonga mti. Dereva alitoka na michubuko. Mama mmoja, mfanyabiashara wa muhogo aliyekuwa ameketi kiti cha pili, aligonga uso kwenye dashibodi akavunjika taya. Siwezi kudai kwamba mfuko wa hewa ungemkinga. Sijui mwendo wa gari ulikuwa kiasi gani, na mkanda pia hakuwa ameufunga. Ninachoweza kusema ni kwamba ndani ya gari lile mtu mmoja alikuwa na mfuko wa hewa na mwingine hakuwa nao, na yule asiyekuwa nao hakuwahi kuulizwa.

Tuchunguze kwanza dhana zenyewe. Haja ni nini, na anasa ni nini? Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, alitoa mfano wa shati la kitani. Alisema Wagiriki na Warumi wa kale waliishi vizuri bila kitani, hivyo mwili hauhitaji shati hilo. Lakini katika Ulaya ya zama zake hata kibarua angeona haya kutokea mbele za watu bila shati la kitani, na kwa sababu hiyo likawa haja. Kwa kipimo hiki, haja huamuliwa na jamii anamoishi mtu. Hoja hii inamtetea mjomba wangu kuliko nilivyodhani mwanzoni. Yeye husema ngao ni heshima, na kwamba mkulima akiona gari lenye ngao na rangi nzuri hukubali kukopesha magunia yake hadi siku ya soko. Hilo ni kweli. Nimeliona kwa macho yangu, na si haki kumcheka.

Hata hivyo, kipimo cha Smith kina upungufu katika suala letu. Kinatazama jinsi macho ya wengine yanavyomwangalia mwenye mali. Hakitazami miili ya wengine inayobebwa na mali hiyo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mnunuzi wa pikapu kwa kawaida huketi nyuma ya usukani au hubaki dukani akingoja mzigo. Kiti cha pili ni cha mwingine. Nyuma, juu ya magunia, kuna vijana wa kupakia. Basi kuna vitu viwili tofauti ndani ya karatasi moja ya bei: vile ambavyo nikivikosa nitaumia mimi, na vile ambavyo nikivikosa ataumia mwenzangu. Nikikataa kiyoyozi, jasho ni langu. Nikikataa mfuko wa hewa wa abiria, sijajinyima kitu. Nimemnyima mtu mwingine.

Watu wa mpakani tulilijua jambo hili zamani. Neno bodaboda lilizaliwa hapa Busia, katika miaka ambayo wenye baiskeli walibeba wasafiri kati ya upande wa Kenya na upande wa Uganda. Jambo la kwanza ambalo mwenye baiskeli aliongeza kwenye chombo chake lilikuwa mto wa kukalia, nao aliufunga kwenye keria ya nyuma. Yeye mwenyewe aliendelea kukalia kiti kile kile kigumu cha kiwandani. Utasema alifanya hivyo kutafuta wateja, nami nakubali. Lakini alijua swali la kwanza la mtu anayebeba watu ni nani ataketi wapi.

Je, lawama yote ni ya mnunuzi? Hapana. Kuna aliyeipanga ile karatasi. Kwa nini mfuko wa hewa wa abiria uje pamoja na kiyoyozi, na mfumo wa kuzuia kuserereka uje pamoja na viti vya ngozi? Sisi tuliokulia karibu na stesheni ya Tororo, ambako reli inayotoka Kenya hugawanyika, moja ikienda Kampala na nyingine kaskazini, tumewasikia wazee wakisimulia madaraja ya treni. Kuhusu madaraja hayo, mhandisi Mfaransa Jules Dupuit aliandika jambo la kutafakari mwaka 1849. Alizungumzia mabehewa ya daraja la tatu yasiyo na paa, akaeleza kwamba kampuni hazikuacha kuyaezeka kwa sababu paa ni ghali. Ziliacha ili abiria anayeweza kulipia daraja la pili asishawishike kupanda la tatu. Maskini alinyeshewa ili mwenye uwezo aogope mvua. Sidai kwamba mfuko wa hewa hauna gharama. Ninadai kwamba unapofungwa pamoja na ngozi na rimu za kung'aa, usalama wa abiria umegeuzwa chambo cha kuuzia starehe ya dereva. Na mtu wa kijijini anayekataa starehe kwa busara hujikuta amekataa na usalama bila kujua.

Madaraja haya hayaishii ndani ya duka moja. Mwaka 2018 shirika la Global NCAP, linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, lilitangaza kwamba pikapu ya Nissan NP300 Hardbody iliyokuwa ikiuzwa Afrika ilipata nyota sifuri katika kuwalinda watu wazima. Mwaka 2019 shirika hilo likagonganisha Hardbody mpya ya soko la Afrika na Nissan Navara iliyokwisha kutumika, ya mwaka 2015, iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya. Ilionekana kwamba dereva wa gari jipya la Afrika huenda angekufa, na dereva wa gari lililotumika la Ulaya angeshuka akitembea. Kampuni ni moja. Kilichotofautiana ni mahali anapoishi mnunuzi. Hapo bara zima lilikuwa limepangiwa daraja la kwanza.

Sheria zetu nazo hazijalifikia swali hili vizuri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, imeweka kikomo cha miaka 15. Pale Busia ni hatua chache tu kati ya sheria moja na nyingine, na katika foleni moja utaona magari ya sheria zote mbili. Serikali zote mbili zinauliza umri wa gari, kwa kuwa ni jambo rahisi kulisoma kwenye hati. Lakini mfano wa Hardbody na Navara unaonyesha kwamba umri peke yake hautuambii abiria atapona au hatapona. Sheria ingeuliza pia ndani ya gari kuna nini, na kwa kiti kipi.

Kuna pingamizi zito ambalo sina budi kulijibu. Mtu atasema: maskini hana nafasi ya falsafa. Tofauti ya bei kati ya daraja la kwanza na la pili ni karo ya watoto na mtaji wa msimu. Ukimlazimisha anunue ghali, hatanunua kabisa, na yule mama atapanda pikipiki au juu ya lori, ambako hakuna mkanda wala paa. Pingamizi hili lina ukweli. Nilipiga hesabu baadaye nikaona kwamba fedha za ngao, keria na rangi zingefikia karibu nusu tu ya tofauti ile. Nusu nyingine ingewalazimu kukodi magari kwa msimu mmoja zaidi. Kwa hiyo siwezi kusema walikuwa na njia rahisi wakaikataa. Ninachosema ni kwamba kungoja msimu mmoja lilikuwa jambo la kujadiliwa, na halikujadiliwa kwa sababu hakuna aliyelijua.

Lingejadiliwa vipi? Mwanafalsafa Mmarekani John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu haki, alipendekeza watu wapange mambo yao kana kwamba wako nyuma ya pazia, kila mmoja asijue atakuwa nani pazia likifunguliwa. Tuwaweke wanunuzi wanne nyuma ya pazia hilo. Mmoja atakuwa dereva, mwingine ataketi kiti cha pili, wa tatu atakaa juu ya magunia, wa nne atakuwa mtoto anayevuka barabara akitoka shule. Viti vya ngozi vitatupwa mara moja. Breki za ABS zitabaki, kwani dereva, abiria na mtoto wote wanazihitaji. Mfuko wa hewa wa abiria utabaki. Ngao ya chuma itaondolewa na yule atakayekuwa mtoto, maana inalinda taa za gari na kumzidishia yeye pigo. Na yule wa juu ya magunia atagundua jambo la ajabu: katika madaraja yote matatu hakuna kitu chake hata kimoja. Usalama wake hauuzwi na muuzaji. Unapatikana kwa kumshusha na kumlipia nauli.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mpaka wa haja na anasa hauko ndani ya kitu chenyewe, wala hauko mfukoni mwa mnunuzi peke yake. Kitu ni haja pale ambapo kukikosa kutamwangukia mtu ambaye hakushiriki kuchagua. Kwa kitu cha namna hiyo mnunuzi anatakiwa kuwauliza wahusika, na akishindwa kukilipia, awaambie wazi kwamba hakipo ili nao waamue kupanda au kutopanda. Muuzaji hana haki ya kukifunga pamoja na mapambo. Na anayesoma karatasi kwa niaba ya wasiojua lugha yake hana ruhusa ya kuruka mstari.

Hili la mwisho linanihusu mimi. Nilipokwenda kumpa pole yule mama, taya bado limefungwa na anaongea kwa shida, nilimweleza habari za ile karatasi na maneno niliyoyasema. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Kwani iliandikwa, mwanangu?"

Nikamjibu, "Iliandikwa, mama."