Umefikia kwa Nani?

Siku ya sita jioni niliingia Bagamoyo na Phoenix yangu, cheni inalia kwa vumbi, miguu imekufa ganzi. Kutoka Dodoma nilikuwa nimekanyaga kilomita zaidi ya 400: Kibaigwa, Gairo, Dumila, Morogoro, Chalinze, Msata, halafu bahari. Kijiweni kwetu Majengo washikaji walishaniambia nimechanganyikiwa. Basi lipo, nauli ipo, ya nini kujitesa? Nikawajibu kishujaa kwamba anayefika kwa jasho lake ndiye anayefika. Wa basi anashushwa tu kama furushi.

Haya, nikafika. Nikaiegemeza baiskeli karibu na soko la samaki, nikasubiri. Nilisubiri nini? Labda mtu aniulize nimetoka wapi, nijibu "Dodoma", naye ashike kichwa. Wapi! Akina mama wanakaanga samaki kwenye makarai, vijana wanashusha mashua, mnadi anapiga kelele zake. Hatimaye mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu akaniona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umefikia kwa nani?"

Nikamwambia nimetoka Dodoma kwa baiskeli. "Pole na safari," akasema, "lakini umefikia kwa nani?" Sikuwa na jibu. Akarudi kwenye wavu wake.

Usiku ule gesti nilikasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Kumbe njia nzima nilikuwa naandika deni kichwani. Kila kilima cha Gairo nilikihesabu kama akiba, na Bagamoyo ndiyo benki nitakayokwenda kuichukulia. Sasa nakuuliza wewe msomaji: uchovu wa mtu unamdai nani?

Sisi wa Ugogo tungepaswa kulijua jibu. Karne ya 19 misafara kati ya pwani na Unyanyembe ilipopita kwetu ilitozwa hongo. Neno hilo halikuwa na uchafu wa leo. Ilikuwa kodi ya njia, ikilipwa kwa nguo na shanga. Burton na Stanley wote waliilalamikia. Lakini hebu fikiri: nchi kavu namna ile, visima vya kuhesabu, na watu mamia wanataka kunywa na kununua mtama. Machoni pa mtemi, mpita njia ndiye mwenye deni. Hakuulizwa amechoka kiasi gani.

Nikaona jibu nimelipata, nikalala. Asubuhi likaharibika.

Nilizunguka Mji Mkongwe, nikatazama milango ya kuchonga, nyumba za mawe zilizopasuka, na boma la Wajerumani, ambao makao yao makuu yalihamia Dar es Salaam mwaka 1891. Nikafika misheni ya Wakatoliki, ulikopokewa mwili wa Livingstone Februari 1874. Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameubeba kutoka kwa Chitambo, miezi kama tisa njiani. Katika wabebaji wote, ni Jacob Wainwright tu aliyesafiri nao hadi Uingereza. Chuma na Susi walikwenda baadaye mwaka huohuo, maziko yameshapita.

Hao nao walikuwa wadaiwa? Na yule aliyeletwa hapa mnyororo shingoni, naye alikuwa na deni la maji? Wapo wasemao jina la mji ni mpagazi kutua mzigo na kuubwaga moyo upumzike. Wapo wasemao ni mtumwa kuuacha moyo wake huku bara kabla ya kuvushwa. Sitaamua. Ninachokiona ni kwamba watu watatu waweza kuingia mji mmoja kwa njia moja, na vidonda vilevile miguuni, na madai yao yasifanane hata kidogo. Mpagazi alibeba mali ya mtu. Ana ujira wake. Mtumwa hakuulizwa, anaidai dunia nzima na hakuna atakayemlipa. Mimi nilichagua, tena kwa starehe yangu, tena (niseme tu kweli) ili nikasimulie kijiweni. Nilipokumbuka kwamba safari hii niliiita mateso, niliona aibu.

Lakini washikaji wasishangilie mapema. Kwa basi nisingesimama Dumila, ambako mama mmoja muuza uji alinitazama nilivyo, akanijazia kikombe cha pili na kuikataa hela yangu. Huyo sasa ananidai. Jina lake sikuuliza, maana nilikuwa nawahi Morogoro kabla ya jua kuzama.

Jioni nikarudi ufukweni. Mzee yupo palepale na wavu wake. Nikanunua samaki wawili, mmoja nikampa, nikakaa mchangani na kumwuliza habari za bahari. Alinisimulia mpaka giza likaingia. Ya Dodoma hatukuyagusa.