Mswaki Si wa Kuwekwa Mfukoni

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetupa viungo hivi kuwa amana mikononi mwetu. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, katika misikiti ya Parklands hapa Nairobi, kama ilivyo katika misikiti ya Mombasa, Lamu na Malindi mlikotoka wengi wenu, si taabu kumwona mtu, muadhini anapokimu, akitoa kijiti mfukoni, akakipitisha mara mbili juu ya meno ya mbele, akakirudisha mfukoni na kufunga sala. Huyo hudhani sunna ameitimiza. Lakini ukimtazama akifunua kinywa, utaona ufizi wake umevimba na kuwa mwekundu, na ukoga umeganda nyuma ya meno. Je, huu ndio mswaki aliotufunza Mtume?

Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim kwamba Mtume, lau si kuchelea kuutaabisha umma wake, angaliuamuru kupiga mswaki katika kila sala. Imepokewa pia kwamba akiamka usiku alikisugua kinywa chake, na kwamba sahaba Abu Musa alimkuta mswaki uko juu ya ulimi wake. Na katika maradhi yake ya mwisho, Abdurrahman bin Abi Bakr aliingia na mswaki mkononi. Bibi Aisha alipoona Mtume anautazama, aliuchukua, akautafuna mpaka ukalainika, kisha akampa, naye akasugua vizuri. Zingatieni mambo mawili: mswaki ulilainishwa kwanza, na uliingia ndani ya kinywa. Haukuishia kwenye meno ya mbele yanayoonekana na watu.

Sasa tuyatazame wanayoyajua matabibu. Ukoga ule laini unaoshika menoni ni mkusanyiko wa vijidudu, na baada ya kusafishwa huanza kurudi kwa muda wa saa chache tu. Ukiachwa penye mpaka wa jino na ufizi, ufizi huvimba na kutoa damu. Katika mwaka wa 1965, Harald Löe na wenziwe huko Denmark waliwaambia watu 12 wenye ufizi mzima waache kabisa kusafisha meno. Kabla ya wiki tatu kumalizika, wote walipata uvimbe wa ufizi; walipoanza kusafisha tena, ufizi ukapona kwa siku chache. Basi ugonjwa huu mwanzoni mwake dawa yake iko mkononi mwa mtu mwenyewe.

Wengi wetu hufanya kinyume. Mtu akiona damu kwenye mswaki au burashi husema, "Nimejiumiza," akaacha kusugua pahala pale. Ukoga huongezeka, na damu nayo huzidi. Damu ile mara nyingi ni alama kwamba pahala pale pana uchafu, na ndipo panapohitaji kusafishwa zaidi, kwa upole. Ukoga ukikaa hugeuka mgumu kama jiwe, na hapo burashi wala mswaki hauwezi kuuondoa; ni kazi ya tabibu wa meno. Na ukipuuzwa zaidi, mfupa unaoshika jino huliwa, jino hulegea na hatimaye hung'oka. Mfupa huo ukishaliwa haurudi wenyewe. Na msiba wa maradhi haya ni kuwa mara nyingi hayaumi mpaka yamekwisha haribu.

Hapa Parklands zipo Hospitali ya Aga Khan, iliyofunguliwa 1958, na Hospitali ya M. P. Shah, na matabibu wa meno hawako mbali. Lakini ujirani wa hospitali haumponyi mtu asiyekwenda ila siku ya kung'olewa. Mwenye maradhi ya kisukari ahadhari zaidi, kwani kisukari huuzidisha ugonjwa wa ufizi, na ufizi mbovu nao huifanya sukari ya damu iwe ngumu kuidhibiti. Mama mwenye mimba naye ufizi wake huwa mwepesi kuvimba. Na wavutao sigara wasidanganyike kwa kutoona damu: tumbaku huificha damu, huku uharibifu ukiendelea chini.

Ama tambuu, ambayo ni ada yetu ya Mwambao na ambayo huuzwa pia hapa Parklands, pale Diamond Plaza, yatupasa tuseme kweli. Popoo imethibitishwa kuwa huleta saratani ya kinywa hata bila ya tumbaku, na ikitiwa tumbaku ni shari juu ya shari. Kanuni ya sharia ni kwamba madhara huondolewa. Ada ya wazee haiwi hoja mbele ya kanuni hiyo.

Kuna na mas-ala ya Ramadhani. Wako wanaoacha kusafisha kinywa mchana kutwa, wakisema kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi ni makuruhu kupiga mswaki baada ya jua kupinduka. Kauli hiyo ndiyo mashuhuri katika madhehebu, hatukatai. Lakini Imamu Nawawi, naye ni nguzo ya madhehebu haya haya, katika kitabu chake Majmuu alichagua kuwa si makuruhu. Na aifuataye kauli ya kwanza anayo asubuhi yote, na usiku kucha baada ya kufuturu. Basi Ramadhani haiwi udhuru wa kuacha kinywa kioze.

Namna ya kufanya ni hii. Kata mswaki mbichi, tafuna ncha mpaka nyuzi zilainike, na zikichakaa ukate ncha mpya. Sugua kwa upole penye mpaka wa ufizi na jino, nje na ndani, mpaka magego ya mwisho. Usisugue kwa nguvu, kwani ufizi husinyaa ukaacha shina la jino wazi. Pasipofikiwa na mswaki, tumia burashi laini na dawa ya meno yenye floraidi, na baina ya meno pitisha uzi. Kutumia burashi si kuiacha sunna, maana makusudio ya sunna hii ni usafi wa kinywa. Usilale kabla ya kusafisha.

Aliyekula kitunguu saumu kibichi alikatazwa kuukaribia msikiti kwa ajili ya harufu tu, na harufu ile huondoka baada ya muda. Basi tumfikirie jirani yetu katika safu, anayeisikia harufu ya ufizi uliooza kila sala, na kwa haya asiweze kutuambia.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoijua sunna na kuitenda kama ilivyotendwa. Amin.